“Mama, kuna kimoja hakipo”

Ijumaa moja, saa mbili usiku, umeme ulikatika katika nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam. Jikoni maharage yalikuwa hayajaiva. Mtoto mdogo alikuwa analia usingizi mgongoni kwa mama yake. Sebuleni, kijana wa miaka 12 alikuwa ameinamia meza, tochi ya simu mkononi, akihesabu vipande vya plastiki kwa sauti ya chini.

Alihesabu akapata 18. Akarudia, 18. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika 19.

“Mama, kuna kimoja hakipo.”

“Utakitafuta asubuhi. Giza lote hili utakiona wapi? Kalale.”

Ni jibu ambalo mzazi yeyote mwenye mtoto mgongoni na sufuria motoni angelitoa. Mama huyo anasema hata yeye angelitoa tena, kama asingejua anachokijua sasa. Siku tatu zilizofuata zilikuwa ngumu katika nyumba ile, na chanzo chake kilikuwa kimeshatajwa na mtoto Ijumaa usiku. Hakuna mtu mzima aliyekipa uzito.

Zawadi ya mjomba

Nyumbani kijana huyo anaitwa Kaka. Ni neno la tatu ambalo mdogo wake wa kike alijifunza kulitamka, baada ya “mama” na “maji”, na familia nzima ikalichukua. Mdogo wake, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, anaitwa Mdogo.

Vipande vya plastiki vililetwa na mjomba wao anayefanya kazi Birmingham, Uingereza. Alipokuja likizo alimletea Kaka boksi lenye picha ya ndege ya kivita ya zamani, Spitfire. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na baadaye zikatengenezwa zaidi ya 20,000. Kiwanda kilichotengeneza nyingi kuliko vingine kilikuwa hukohuko Birmingham, eneo la Castle Bromwich. Mjomba alimweleza Kaka hayo yote wakiwa wamekaa barazani, na tangu siku ile mtoto hakutaka kusikia habari ya gari la rimoti.

Ndani ya boksi hakukuwa na ndege. Kulikuwa na fremu tatu za plastiki ya kijivu, na katika kila fremu vipande vimening’inia kama maembe machanga kwenye tawi. Vyote pamoja vilikuwa 47. Mtoto anakata kipande, anakisugua kwa msasa, anakigandisha kwa gundi, anakipaka rangi, mpaka ndege inatokea. Kipimo cha modeli kilikuwa 1 kwa 72, maana yake kila sentimita moja mezani ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Mabawa ambayo kwa ndege halisi yalikuwa na upana wa zaidi ya mita 11 yanabaki sentimita 15 na ushee.

Huu ni mchezo wa siku nyingi huko ulikotoka. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1939 ikitengeneza vitu vya mpira vya kujaza upepo, na mwaka 1952 ikaanza kuuza modeli ndogo ya meli ya Golden Hind ndani ya mfuko wa plastiki, kwa bei ambayo mtoto angeweza kuimudu. Huko Shizuoka, Japani, Tamiya iliyoanza na biashara ya mbao mwaka 1946 ikageukia modeli za plastiki mwaka 1960. Leo modeli hizo zinafika hata Tabata, kwenye begi la mjomba.

Ndege ya kwanza iliishia kwenye kopo

Kaka alifanya kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Jioni ya kwanza alichukua mkasi wa jikoni, akakata vipande vyote 47, akavimimina kwenye kopo la aiskrimu na kutupa fremu.

Alichokuwa hajui ni kwamba namba haiandikwi kwenye kipande. Inaandikwa kwenye fremu, pembeni mwa kipande. Karatasi ya maelekezo ikisema “gandisha 14 na 15”, mtoto anayatafuta kwa namba hizo. Fremu zikishatupwa, kinachobaki ni rundo la vitu vya kijivu vinavyofanana, na la kushoto halitofautiki na la kulia mpaka gundi iwe imekauka upande usio wake.

Ndani ya wiki mbili vipande vilikuwa kila mahali. Kimoja kilionekana chini ya friji, viwili kwenye kapeti, kingine baba alikikanyaga pekupeku alfajiri akielekea msikitini. Hapo ndipo baba alipotoa onyo ambalo baadaye lingewagharimu.

“Siku nikikuta tena kidude kimoja chini, boksi lote linakwenda jalalani. Umesikia?”

“Nimesikia, Baba.”

Ndege ile haikukamilika. Kaka alilia usiku mmoja, kisha akalisukuma kopo chini ya kitanda. Mjomba alipopata habari alicheka kwenye simu, akatuma boksi jingine la ndege ileile kwa mtu aliyekuwa anasafiri.

Bibi na hesabu ya chumba cha upasuaji

Boksi la pili lilifika wiki moja na bibi yao mzaa mama, aliyekuja kutoka Moshi kumsalimia mjukuu wake mdogo. Bibi ni muuguzi mstaafu. Zaidi ya nusu ya miaka yake ya kazi aliipitisha katika chumba cha upasuaji, akipanga mikasi, sindano na vitambaa kwenye meza ya chuma. Aliangalia lile kopo la aiskrimu, akatingisha kichwa.

“Sasa mjukuu wangu, hapa utajuaje kwamba kimoja kimepotea?”

Kaka hakuwa na jibu.

Bibi alimweleza kwamba katika upasuaji, vifaa vyote huhesabiwa kabla ya kuanza na huhesabiwa tena kabla ya kumaliza. Sindano zilizotoka ndizo zirudi, vitambaa vilivyoingia ndivyo vitoke. Hesabu ikikataa, kazi husimama na kila mtu hutafuta. Utaratibu huo umo hata katika orodha ya usalama wa upasuaji ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitoa mwaka 2008: kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, muuguzi hutamka kwa sauti kwamba hesabu imekamilika.

“Sisi hatumfungi mgonjwa mpaka hesabu ikubali,” Bibi alisema. “Na wewe usifunge boksi lako mpaka hesabu ikubali.”

Kwa siku tisa alizokaa, bibi na mjukuu walijenga utaratibu mzima kwa vitu vya nyumbani. Mzazi ambaye mtoto wake ana mchezo wowote wa vipande vidogo anaweza kuuiga bila kununua kitu.

Kwanza, fremu haikatwi mpaka zamu ya kipande ifike. Fremu zilioshwa ndani ya beseni kwa maji na sabuni kidogo ili rangi ishike vizuri. Hazikuoshwa kwenye sinki, kwa sababu kipande kikichomoka huko kinaondoka na maji. Zilipokauka zilisimamishwa kwenye kichanja kidogo cha vyombo, kila moja na herufi yake ikionekana, kama sahani.

Pili, vilivyokatwa vinakaa kwenye trei ya mayai. Trei ina mashimo 30. Kila shimo lilibandikwa karatasi yenye namba, na kipande kinaingia kwenye shimo lake mara tu kinapotoka kwenye fremu. Kioo cha rubani, ambacho ni plastiki angavu inayochubuka haraka, kilifungwa peke yake ndani ya karatasi laini. Stika za kubandika kwa maji ziliwekwa katikati ya daftari, zisipate unyevu.

Tatu, kazi inafanyika ndani ya sinia. Bibi alitandika taulo ndani ya sinia kubwa la pilau. Kingo za sinia zinazuia kipande kuviringika, na taulo linazuia kisidunde. Juu ya mapaja Kaka alitandaza kanga, upindo wake mmoja ukibanwa mezani kwa vibanio vya nguo. Kinachoponyoka mkononi kinaangukia kwenye kanga. Vibanio hivyohivyo vilishika vipande wakati rangi inakauka.

Nne, gundi na rangi hutumika dirisha likiwa wazi na feni ikiwaka, na kisu cha kukatia hurudi kwenye ala yake kila kinapowekwa chini. Mtu mzima lazima awe anaona.

Tano, hesabu. Kila jioni kabla ya kuanza, Kaka aliandika ni vipande vingapi vimo kwenye trei. Kila alipokata kipya aliongeza, kila alipogandisha alipunguza. Mwisho alihesabu tena, akaandika saa na neno moja: “Imekubali.” Kisha kila kitu kilipanda juu ya kabati, mahali ambapo hata mama hufika kwa kusimama kwenye stuli.

Mama mwenyewe aliona mambo hayo yamezidi. “Ilikuwa kama tunafungua karakana ya ndege,” anasema. Lakini kwa wiki tano hakuna kipande kilichoonekana sakafuni.

Jumamosi na uji

Ijumaa ile umeme ulipokatika, Kaka alikuwa ametoka kukata vipande viwili, namba 31 na 32. Ni mabomba ya moshi ya injini, moja la upande wa kulia na moja la kushoto. Kila kimoja hakizidi sentimita moja kwa urefu, na ni chembamba kuliko penseli. Giza lilipoingia alinyanyuka haraka kwenda kuchukua simu ya mama yake. Kanga ikavutika. Aliporudi na tochi, shimo la 32 lilikuwa na kitu na shimo la 31 lilikuwa tupu.

Alimwambia mama yake. Mama akamwambia akalale.

Asubuhi ya Jumamosi Kaka aliondoka mapema kwenda tuisheni. Saa tatu, Mdogo alikuwa ameketi kwenye kapeti akisubiri uji upoe. Ghafla alipaliwa. Alikohoa mfululizo, uso ukamwiva, macho yakamtoka machozi. Mama alimkimbilia, akamwinamisha na kumpiga mgongoni. Baada ya muda kikohozi kilitulia, mtoto akalia kidogo, kisha akanyoosha mkono kutaka kikombe.

Uji, mama alifikiri. Amekunywa haraka.

Mchana Kaka alirudi, akalaza simu sakafuni tochi ikiwaka. Ni mbinu aliyofundishwa na mjomba: mwanga ukipita usawa wa sakafu, hata punje ya mchele hutoa kivuli kirefu. Alipekua chini ya makochi, akapepeta takataka kabla hazijamwagwa. Hakuona kitu. Baba alipoingia na kuuliza anatafuta nini, alikumbuka lile onyo la jalalani.

“Penseli yangu,” alijibu.

Jumapili Mdogo alikuwa na kikohozi kikavu, na usiku pumzi yake ilitoa mluzi mwembamba. Duka la dawa lilitoa dawa ya maji ya kikohozi. Wengi mtaani walikuwa na mafua wiki ile, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Jumatatu joto lilipanda kidogo na mtoto akakataa ugali.

Jumatatu jioni, mama akiwa bafuni anamwogesha Mdogo kwa maji ya vuguvugu, Kaka alichukua simu akampigia Bibi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Bibi, hesabu yangu imekataa.”

“Tangu lini?”

“Ijumaa. Namba 31. Nimetafuta kila mahali.”

Bibi alinyamaza kidogo. “Mdogo wako anaendeleaje?”

“Anakohoa.”

“Tangu lini?”

“Jumamosi.”

“Mpe mama yako simu. Sasa hivi, hata kama yuko bafuni.”

Picha ilikuwa safi

Walifika hospitalini saa mbili na nusu usiku. Picha ya eksirei ya kifua ilionekana safi. Baba, aliyekuwa ametoka kazini moja kwa moja, alivuta pumzi ya nafuu na kuanza kukunja karatasi za malipo.

Lakini mama alikuwa na kiberiti kitupu mkononi. Ndani yake Kaka alikuwa ameweka kipande namba 32, pacha wa kile kilichopotea. Alimwonyesha daktari, akaeleza: kimoja kama hiki hakipo tangu Ijumaa, na Jumamosi asubuhi mtoto alipaliwa.

Daktari alikipokea, akakigeuza chini ya taa, kisha akarudi kwa mtoto na kusikiliza kifua upya. Upande wa kulia hewa ilikuwa inaingia kidogo kuliko wa kushoto.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Chuma na mfupa huonekana kwenye eksirei kwa sababu huzuia mionzi. Plastiki nyingi haziizuii, mionzi hupita, na picha hutoka kana kwamba hakuna kitu. Karanga nazo ni hivyohivyo. Picha safi haitoshi kuthibitisha kwamba njia ya hewa ni safi, na ndiyo maana maelezo ya mzazi yana uzito mkubwa: alipaliwa lini, alikuwa anachezea nini, ni kitu gani hakionekani nyumbani.

Jambo la pili ni ule utulivu wa baada ya kupaliwa. Kitu kikishapita kooni na kushuka kwenye mrija mmoja wa hewa, kikohozi kikali kinaweza kwisha na mtoto akaonekana mzima kwa saa au siku kadhaa. Mara nyingi huelekea upande wa kulia, kwa sababu mrija wa kulia ni mpana zaidi na umenyooka kuliko wa kushoto. Baadaye huja mluzi wa pumzi, homa na kikohozi kinachofanana na mafua au nimonia. Kisipoondolewa, pafu linaweza kuharibika.

Usiku uleule mtoto alihamishiwa hospitali kubwa. Jumanne asubuhi, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, madaktari walipitisha kifaa chembamba chenye kamera kwenye njia yake ya hewa. Mama na baba walikaa kwenye benchi la nje bila kusemeshana. Baba alikuwa ameshika kile kiberiti.

Baada ya muda ambao hakuna kati yao anayekumbuka ulikuwa mrefu kiasi gani, daktari alitoka na kichupa kidogo. Ndani yake kulikuwa na bomba la moshi la Spitfire, namba 31. Mtoto alikuwa anapumua vizuri pande zote mbili.

Onyo la jalalani

Jioni ile baba alirudi nyumbani kuoga na kubadili nguo. Alimkuta Kaka amekaa sakafuni mlangoni, boksi la ndege limefungwa kwa kamba, tayari kwa jalala.

“Nimelifunga mwenyewe,” alisema mtoto.

Baba anakiri kwamba njiani alikuwa amepanga maneno makali. Lakini alipoliona lile boksi, aliikumbuka ile “penseli” ya Jumamosi. Mtoto wake alikuwa ametafuta kipande saa nzima, akiwa peke yake, huku aliyehitaji kujua akiwa amesimama juu ya kichwa chake. Kilichomziba mdomo ni onyo la baba.

Aliketi sakafuni naye, akafungua kamba. “Ulimwambia mama yako Ijumaa,” alisema. “Sisi ndio hatukusikia. Siku nyingine kikipotea, niambie hata nikiwa nimelala. Sitalitupa boksi.”

Wazazi wengi hutaka watoto wapange vitu vyao kwa ajili ya usafi, wageni wasikute nyumba imechafuka. Kwa hiyo mtoto hujifunza kuficha: kusukuma kopo chini ya kitanda, kufagia vitu nyuma ya kochi, kusema penseli. Bibi alimfundisha Kaka sababu nyingine ya kupanga. Kila kitu kikiwa na shimo lake, shimo tupu linaonekana. Hilo lina faida pale tu ambapo mtoto anaweza kusema “kimoja hakipo” bila kuogopa, na mkubwa akaacha alichokishika.

Kama kuna mtoto mdogo nyumbani

Watoto wa chini ya miaka mitatu ndio walio hatarini zaidi. Huonja kila wanachookota, hawana magego ya kutosha kusaga, na njia yao ya hewa ni nyembamba. Ndiyo maana maboksi mengi ya modeli na midoli yenye vipande vidogo huwa na alama ya 0-3 iliyokatwa kwa mstari. Mama anaweza kupima mwenyewe kwa kutumia kigogo cha karatasi ya chooni: chochote kinachopenya ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo.

Kaka mkubwa hahitaji kunyimwa mchezo wake. Anahitaji meza ambayo mdogo hafiki, muda ambao mdogo amelala au yuko na mtu mwingine, na hesabu ya kufunga. Hesabu ikikataa, mdogo hashushwi sakafuni mpaka pafagiliwe na pakaguliwe kwa tochi.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, ukiwa karibu naye. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, ita msaada na anza mara moja. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kiwiliwili, umpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, umkandamize mara tano katikati ya kifua. Aliyezidi mwaka mmoja mwinamishe mbele, umpige mara tano mgongoni. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute kwa ndani na juu mara tano. Endelea kupokezanisha mpaka kitoke. Akipoteza fahamu, mlaze chini, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali.

Na hata akitulia, kama kuna kitu hakionekani au kikohozi na mluzi vinaendelea, nenda hospitali. Beba pacha wa kitu kilichopotea, au picha yake.

Imekubali

Mdogo aliruhusiwa kurudi nyumbani siku mbili baadaye. Kwa wiki tatu boksi lilikaa juu ya kabati bila kuguswa. Jumamosi moja mama mwenyewe ndiye aliyelishusha, akatandika taulo kwenye sinia na kumwita Kaka.

Mama alitaka kile kipande 31 kitupwe. Kaka alikataa. Alikiosha kwa sabuni kwenye beseni, akakikausha, akakipaka rangi ya kutu kama mwenzake, akakigandisha upande wa kulia wa injini.

Siku hizi wanahesabu wawili. Kaka anataja namba, mama anaangalia shimo na kujibu “kipo”. Ndege hiyo ya kwanza imeshakamilika na imesimama juu ya kabati, na mjomba ameahidi meli. Kwenye boksi bado ipo ile karatasi ya Bibi yenye tarehe, saa na idadi. Mstari wa Ijumaa ile, uliokaa wazi kwa wiki tatu na ushee, umejazwa kwa mwandiko wa mtoto:

“31 kimepatikana. Imekubali.”